Daftari la Vidonge

Nimekuwa karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho, upande wa Nanyamba, mkoani Mtwara, kwa miaka 19, na kwa muda wote huo kazi yangu imekuwa moja: kuhakikisha kwamba gunia lililoingia ghalani limeandikwa, lililoandikwa lipo, na lililotoka lina stakabadhi. Nilipougua saratani ya damu mwaka 2019 nilidhani nimeingia katika mambo ya madaktari peke yao, mambo ambayo mtu kama mimi huyapokea kwa kunyamaza na kushukuru. Ilinichukua karibu miaka miwili, pamoja na kosa moja ambalo nitalieleza bila kujificha, kutambua kwamba ugonjwa wangu ulikuwa unahitaji karani.

Dalili zilianza kwa namna ambayo sisi watu wa Mtwara tumezoea kuiita malaria. Nilichoka bila kufanya kazi, nilitoka jasho usiku hadi shuka kulowa, nguo zilinipwaya, na nikila ming'oko, vile viazi vya porini, miwili mitatu tu nilijiona nimeshiba, kwa sababu bandama lilikuwa limevimba na kulibana tumbo upande wa kushoto. Nilimeza dawa mseto mara mbili bila kupimwa, jambo ambalo sasa hunitia aibu. Damu ilipopimwa hatimaye, seli nyeupe zilikuwa zaidi ya 200,000 katika kila maikrolita, ilhali mtu mzima mwenye afya huwa nazo kati ya 4,000 na 11,000 hivi. Nikapelekwa Dar es Salaam, na huko kipimo cha vinasaba kikaonyesha kwamba ni lukemia sugu ya mailoidi, ambayo kliniki nzima, madaktari kwa wagonjwa, huiita kwa herufi tatu tu: CML.

Naomba msomaji anivumilie nieleze dawa yenyewe inavyofanya kazi, kwa kuwa masharti yake yote yanatokana na hapo. Mwaka 1960 watafiti wawili wa mji wa Philadelphia, Marekani, Peter Nowell na David Hungerford, waliona katika seli za wagonjwa wa aina hii kromosomu moja iliyokuwa fupi kuliko kawaida, na mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akaonyesha kwamba ufupi huo unatokana na vipande vya kromosomu ya 9 na ya 22 kubadilishana nafasi. Vipande vinapoungana hutokea protini ngeni, BCR-ABL, ambayo huziamuru seli za damu zizaliane bila kukoma, mithili ya mpigadebe wa stendi anayeendelea kuita abiria hata basi likiwa limejaa hadi mlangoni. Dawa ninayomeza ni imatinibu, ambayo kwenye boksi huandikwa imatinib na ambayo wengi waliifahamu kwanza kwa jina la biashara la Glivec. Hiyo hujipachika mahali palepale ambapo protini ile hupokea nguvu zake, na protini hiyo ikanyamaza. Iliidhinishwa Marekani mwezi Mei 2001, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likaiingiza katika orodha ya dawa muhimu. Huitwa dawa lengwa kwa sababu hiyo: inatafuta kitu kimoja kinachojulikana, wala haizipigi seli zote zinazokua haraka kama zifanyavyo dawa nyingi za saratani za kutundikiwa dripu.

Ila dawa hii humnyamazisha mpigadebe, haimfukuzi stendi. Siku isipokuwepo, au ikiwa pungufu ndani ya damu, yeye huanza kuita tena. Tena, mgonjwa wa dripu huketi mbele ya muuguzi na kila tone huandikwa, lakini mimi hupewa maboksi, nikapanda basi, nikayaweka kabatini kwangu, na kuanzia hapo hakuna anayejua kilichotendeka isipokuwa mimi mwenyewe.

Sasa kosa lenyewe. Dozi yangu ni miligramu 400, mara moja kwa siku, pamoja na chakula cha kushibisha na glasi kubwa ya maji, kwa sababu ikiingia tumboni patupu husababisha kichefuchefu kikali na kiungulia. Msimu wa korosho wa mwaka 2020 ulipoanza mwezi Oktoba, nilikuwa nikiondoka nyumbani kabla ya jua, bila kula, kwa hiyo kidonge nilikiahirisha hadi jioni. Jioni nilirudi na makaratasi ya mnada, nikayashughulikia, nikalala. Sikuwahi kuamua kuacha dawa. Kila siku nilikuwa na sababu ya siku hiyo tu, na kesho yake niliamini kwamba nimemeza vya kutosha.

Mwezi Januari nikaenda kliniki. Kipimo cha BCR-ABL, kinachoonyesha ugonjwa uliobaki kwenye damu, ambacho miezi michache nyuma kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 0.3, kilikuwa kimepanda hadi asilimia 2.1. Daktari, kijana mpole, akaniuliza, "Mama, vidonge unavimeza?" Nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa, "Navimeza, daktari." Hakubishana nami, aliniomba boksi, akamimina vidonge kwenye karatasi, akahesabu. Nilikuwa nimepewa vidonge 90, zilikuwa zimepita siku 88, na hesabu ilitaka vibaki 2. Vilibaki 23. Mimi, ambaye nimewahi kumrudisha mkulima nyumbani kwa sababu ya kilo mbili zisizojulikana zilikokwenda, nilikuwa na tofauti ya vidonge 21 katika ghala langu mwenyewe.

Muuguzi wa kliniki alinieleza habari ya utafiti uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 2010, ambamo wagonjwa 87 wa CML waliokuwa wakitumia imatinibu walipewa chupa zenye vifuniko vinavyorekodi kila vinapofunguliwa. Kwa wale waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya dozi zao, uwezekano wa ugonjwa kushuka hadi kiwango cha chini kinachotakiwa ndani ya miaka 6 ulikuwa asilimia 94.5, kwa wale waliomeza asilimia 90 au pungufu, ulikuwa asilimia 28.4. Nilichukua kalamu nikapiga hesabu yangu. Asilimia 90 ya vidonge 30 ni 27, maana yake vidonge 3 tu kwa mwezi ndivyo vinavyotenganisha makundi hayo mawili. Mimi nilikuwa nimemeza asilimia 76.

Niliporudi nikachukua daftari gumu la ofisini, lile lenye mistari ya hesabu, nikagawa ukurasa kwa safu tano: tarehe, saa, chakula nilichokula, idadi iliyobaki, na maelezo. Saa ya kumeza nikaihamishia saa 7 mchana, juu ya wali wa mama lishe anayetuletea chakula ghalani, kwa kuwa chakula hicho sijawahi kukikosa hata siku ya mnada. Kila Jumapili vidonge humiminwa kwenye sahani safi na kuhesabiwa, na idadi lazima ikubaliane na daftari. Nikisahau na kukumbuka siku hiyohiyo, nameza; ikiwa saa ya dozi inayofuata imekaribia, ile iliyopita huandikwa kuwa imepotea na sirudishii kwa kumeza viwili kwa pamoja. Nikitapika baada ya kumeza, nimefundishwa kutomeza kingine, bali kusubiri kesho na kuandika katika safu ya maelezo. Baada ya miezi kadhaa ya daftari kipimo kilianza kushuka, na kwa sasa kipo chini ya asilimia 0.1, ambacho ndicho kiwango wanachotarajia mgonjwa akifikie ndani ya mwaka wa kwanza. Mimi nilichelewa.

Ukarani uliniokoa mara nyingine kwa namna ambayo sikuitarajia. Dawa hii hutengenezwa na viwanda mbalimbali, na boksi linaweza kubadilika rangi, jina na sura bila mtu kukosea lolote. Safari moja nilipewa maboksi mageni, na kama ilivyo tabia yangu ya kusoma kila maandishi yaliyo kwenye gunia, nikasoma: kila kidonge kilikuwa na miligramu 100. Kwa hiyo dozi yangu haikuwa tena kidonge kimoja, ilikuwa vinne. Aliyenikabidhi alinieleza kweli, lakini katika zogo la dirishani sikumsikia vizuri, na kama ningemeza kwa mazoea ningekaa miezi mitatu nikitumia robo ya dozi huku daftari langu likionyesha kwamba sijakosa hata siku moja. Tangu hapo safu ya idadi huandikwa pamoja na uzito wa kidonge.

Jambo ambalo hunisumbua zaidi, na ambalo naona wagonjwa wengi hawaelezwi kwa kina, ni dawa hii kukutana na vitu vingine mwilini. Ini huivunja imatinibu kwa kimeng'enya ambacho pia huvunja dawa nyingi nyingine, hivyo chochote kinachokichochea au kukizuia kimeng'enya hicho hubadilisha dozi yako bila wewe kugusa boksi. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, ni mfano mkubwa kuliko yote: ikitumika pamoja na imatinibu hupunguza kiasi chake kwenye damu kwa karibu robo tatu. Mwaka 2022 nilikohoa wiki tatu, na kabla hata ya kutoa makohozi nilimwambia mganga wa zahanati kwamba ikiwa ni kifua kikuu, nisianzishiwe chochote hadi azungumze na kliniki yangu. Haikuwa kifua kikuu, namshukuru Mungu. Baadhi ya dawa za kifafa, kama fenitoini na karbamazepini, nazo huipunguza, wakati erithromaisini na klarithromaisini, ambazo ni dawa za bakteria, na ketokonazoli, dawa ya fangasi, huipandisha hadi madhara yakazidi. Hata parasetamo, ambayo kwetu huliwa kama karanga, siimezi siku nyingi mfululizo bila kuuliza, kwa ajili ya ini.

Matunda nayo yamo. Balungi haliliwi kabisa, wala maji yake, kwa sababu humzuia yule mvunjaji wa dawa aliye ndani ya mwili, na danzi, lile chungwa chungu ambalo mama zetu hulitia kwenye samaki, lina tabia hiyohiyo. Chungwa tamu, limau, embe na mapapai havina neno. Kuhusu uraka, pombe ya mabibo ya mkorosho, nasema kwa ufupi kwamba msimu wa mabibo ukifika kila nyumba ina wake, nami sinywi, sembuse nipa, ile pombe kali zaidi, kwani ini langu lina kazi ya kutosha.

Kwa hiyo nimeandika kadi ndogo, nikaifunika kwa plastiki, na huiweka pamoja na kitambulisho changu. Ina jina la ugonjwa, jina la dawa kama lilivyo kwenye boksi, dozi, na namba ya simu ya kliniki. Duka la dawa lolote nikiingia, hata kama nataka dawa ya mafua, kadi hutangulia juu ya meza kabla ya fedha. Malaria siku hizi napima kwanza, kisha nauliza ndipo nameza. Mwenzangu wa kliniki, anayetumia nilotinibu kwa sababu imatinibu ilishindwa kwake, ana masharti makali zaidi: yake humezwa tumbo likiwa tupu, saa mbili baada ya kula na saa moja kabla ya kula tena, na kwa kuwa inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na lumefantrini iliyomo ndani ya dawa mseto nayo hugusa mapigo hayohayo, kwake hata tiba ya malaria ni shauri la daktari. Ugonjwa mmoja, kliniki moja, lakini sheria ya chakula ya mmoja ni kinyume cha sheria ya mwenzake. Ndiyo maana sipendi kumwambia mgonjwa mwingine ameze vipi. Namwambia asome boksi lake.

Yote hayo yalikuwa mepesi kuliko suala la mjomba wangu. Sisi ni watu wa upande wa mama, na mjomba akisema jambo nyumbani, limesemwa. Alikuja kutoka Newala na chupa ya lita moja ya mizizi iliyochemshwa, akakaa kwenye mkeka, akasema, "Mwanangu, hii ndiyo iliyomponya bibi yako tumbo. Utakunywa kikombe asubuhi na kikombe jioni." Nilijua kwamba nikikataa ovyo nitakuwa nimemvunjia heshima, na nikikubali nitakuwa nimeweka ghalani mzigo usio na stakabadhi: haujulikani una nini ndani, una nguvu kiasi gani, wala ini langu litaufanyia nini. Nikamwamkia tena, nikaleta daftari. "Mjomba, shikamoo. Naomba unisaidie kusoma hesabu hii." Nilimwonyesha kipimo kilivyopanda nilipoacha vidonge na kilivyoshuka nilipovirudia, mstari kwa mstari, na yeye, ambaye amelima korosho miaka 40 na anajua kusoma mizani kuliko mimi, alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Na hii dawa yangu ikiingia hapa, utaiandika safu gani?" Nikamjibu kwamba hapo ndipo penye taabu, kwa sababu sina safu yake, na kipimo kikibadilika daktari hatajua amlaumu nani. Aliichukua chupa akaiweka nyuma ya mlango. Jumapili iliyofuata alinipigia simu kuuliza vidonge vimebaki vingapi, na hajaacha kuuliza hadi leo.

Kuna jirani pia, ambaye mama yake alikuwa na saratani ya titi, aliyeniomba vidonge 10 kwa machozi, kwa kuwa amesikia kwamba ni dawa ya saratani. Lilikuwa ombi gumu kulikataa. Nilimweleza kwamba dawa lengwa isipokutana na kilengwa chake haina kazi, na kwamba saratani ya titi ina dawa zake, nyingine lengwa vilevile, kama trastuzumabu, ambayo hutolewa tu pale kipimo kinapoonyesha kwamba uvimbe una protini ya HER2 kwa wingi, na mgonjwa wake hufuatiliwa moyo. Vidonge vyangu vingempa madhara bila faida, nami vingenipunguzia siku 10. Nilimsindikiza kuulizia rufaa, hilo nililiweza.

Mwili nao nauandika. Miezi ya mwanzo macho yalivimba asubuhi kana kwamba nimelia usiku kucha, na misuli ya miguu ilinibana usiku hadi nikapiga kelele. Dawa hii huweza kuhifadhi maji mwilini, hivyo tulishauriwa kupima uzito mara kwa mara na kutoa taarifa ukipanda ghafla. Mwanzoni nilijipima kwenye mizani ya korosho ghalani, jioni wakulima wakishaondoka, nikicheka peke yangu kwamba leo ghala limepokea kilo 61 za daraja la kwanza. Ninayotakiwa kuripoti siku hiyohiyo ni kuishiwa pumzi, homa ya nyuzi 38 na zaidi, damu kutoka puani au kwenye fizi bila sababu, choo cheusi, macho kuwa ya manjano, na vipele vinavyoenea au kuchubua ngozi. Picha ya damu hupimwa mara nyingi miezi ya mwanzo na kisha kila baada ya miezi kadhaa, ini vilevile, na kabla ya kuanza hupimwa homa ya ini ya B, kwa sababu virusi vyake vinaweza kuamshwa na dawa hizi. Kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa neno ni moja: wasishike mimba wakiwa wanatumia imatinibu, wasinyonyeshe, na wakitaka mtoto wazungumze na daktari mapema, siyo baada ya kukosa hedhi. Binti yangu alipokuwa mjamzito nilimkataza hata kuokota kidonge kilichovunjika. Mjukuu huyo sasa anatembea na kufungua kila kitu, kwa hiyo kabati lina kufuli. Liko chumba cha ndani, mbali na jiko na mtungi, maana joto la Novemba la hapa kwetu hupita nyuzi 30 ambazo boksi limekataza.

Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikata barabara ya Dar es Salaam katika maeneo kadhaa ya Kilwa, Somanga ikiwemo, siku ambazo nilitakiwa kusafiri nikiwa nimebakiwa na vidonge 4. Nilifikiri kuvigawa nusunusu ili vinifikishe siku 8. Nilipopiga simu kliniki, muuguzi alikataa katakata: bora dozi kamili halafu pengo lililoandikwa kuliko dozi pungufu ya kila siku. Nilimeza vinne, nikakaa siku 5 bila kitu, hadi mtu aliyekuja kwa ndege aliponiletea boksi langu. Mistari hiyo mitano nimeiandika kwa wino mwekundu. Nilipofika kliniki niliomba niwe na akiba ya mwezi mmoja, nikaeleza umbali wa kilomita zaidi ya 500 na mto ulio katikati, wakanikubalia. Tangu hapo sisubiri viishe.

Wapo wagonjwa ambao, baada ya miaka mingi ya kipimo kuwa chini sana, huachishwa dawa kwa uangalizi na kupimwa mara kwa mara, na baadhi yao ugonjwa haurudi. Nilimuuliza daktari kama nami nitafika huko. Alifungua daftari, akaenda moja kwa moja kwenye kurasa za msimu wa 2020, akazitazama, akasema tusubiri. Sikumlaumu. Leo ni Jumapili, mjomba ameshapiga simu, vimebaki vidonge 47 vya miligramu 400, vinakubaliana na daftari, na tiketi ya basi la Alhamisi nimeshaikata.